Mgeni wa Siku Nane

Usiku wa jana niliota, ingawa mume wangu anabisha. Anasema haukuwa usiku, ilikuwa saa mbili asubuhi na uji ulishapoa ukaota ngozi juu. Mimi namwambia usiku wa mtu ambaye hajalala unaanza pale anapofumba macho, na mimi nilikuwa nimeyafumba muda uleule.

Sikulala kwa sababu ya mjukuu. Binti yangu Tusekile ameolewa Accra, Ghana, na kijana mpole anayeitwa Ashitey, ambaye akinipigia simu huniita "Mama" kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Wiki iliyopita Tuse alijifungua mtoto wa kike. Ukoo wa Ashitey ni watu wa kabila la Ga, wenyeji wa pwani ile, na kwao mtoto akizaliwa hawi wa nyumbani papo hapo. Kwanza ni mgeni. Anakaa ndani, haitwi jina, watu wanamtazama tu. Alfajiri ya siku ya nane anatolewa nje, analazwa chini ya ukingo wa paa, maji yanarushwa juu ya bati yamdondokee ili aijue mvua, kisha anapewa jina. Akifika hapo, amekuwa wao. Asipofika, basi alikuwa mgeni na amerudi kwao.

Niliposimuliwa habari ya maji ya kwenye bati nilicheka. Sisi watu wa Tukuyu mvua hatumfundishi mtu. Mtoto wetu anaijua mvua kabla hajamjua baba yake. Lakini nilicheka kwa sababu nilikuwa naogopa.

Mtoto wa kwanza wa Tuse hakufika huko kwenye paa. Alikaa siku sita. Hakuwa na jina, kwa hiyo hata kumlilia nilikosa cha kuita.

Siku ya nane ya huyu wa pili ilikuwa leo. Pasipoti yangu haijatoka, kwa hiyo nilibaki Tukuyu na simu yangu mkononi usiku kucha, na mume wangu akaniuliza mbona naichungulia kama sufuria ya maziwa jikoni. Jua linatuanza sisi kabla ya wao, alfajiri yao ni sisi tuko kwenye uji, na hapo kwenye uji ndipo usingizi uliponikamata nikiwa nimekaa.

Natoka mlango wa nyuma kufuata kuni. Migomba ipo, jiko lipo, shimo la taka lipo. Baada ya mgomba wa mwisho, pale ambapo siku zote ni shamba la chai la jirani, kuna bahari. Sishangai. Ninachojiuliza ni kama jirani ameambiwa.

Katikati ya migomba amesimama mnara mrefu, mistari myekundu na myeupe, kichwani ana taa inayozunguka. Ni ule mnara wa kuongozea meli wa Jamestown, upande wa zamani wa Accra. Namjua kwa sababu Tuse alipiga naye picha wakati wa uchumba akanitumia. Amekunja mikono, ingawa hana mikono.

"Mama mkwe," ananong'ona, "umechelewa. Mimi ndiye mshenga wa upande wa mume. Tumekusubiri tangu—"

Kichwa chake kikageuka kuelekea baharini, na sentensi ikaenda nacho. Nikasubiri. Kichwa kikarudi.

"—na viti vimejaa."

Hivyo ndivyo alivyozungumza muda wote. Nusu ya maneno ilikuwa yangu na nusu ilikuwa ya bahari, na hakuona haja ya kurudia.

"Mbona unanong'ona, mshenga?"

"Ni mwezi wa kimya. Kabla ya sikukuu ya mavuno hapigi mtu ngoma, hapazi mtu sauti. Miji yote ya pwani imekubaliana. Hata mawimbi—"

Wakati kichwa chake kiko baharini nilitazama mwenyewe. Mawimbi yalikuwa yanakuja ufukweni yamevaa soksi, soksi nyeupe za shule zilizopandishwa hadi magotini. Jogoo alipita amebana mdomo, macho yamemtoka kwa juhudi. Mbuzi wawili walikuwa wanaitana kwa ishara.

"Mtoto yuko wapi?" nikanong'ona.

"Mgeni yuko uani, anapokea salamu. Mama mkwe, sitakuficha. Ana begi. Amelishika tangu alfajiri haijaanza. Jua likichomoza hajalazwa chini ya paa, anakwenda, kama alivyokwenda dada—"

Akageuka. Sikuhitaji nusu iliyobaki.

"Mzuieni!"

"Mgeni hazuiwi," akasema aliporudi. "Ndiyo sheria. Mgeni anabembelezwa tu."

Tulipita mlango wa jiko langu na kutokea kwenye ua mmoja wa Jamestown. Juu lilikuwa limefungwa turubai, chini vimepangwa viti vya plastiki, na kwenye viti imekaa miji. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Ilikuwa miji, imevaa vitambaa vyeupe, imekaa. Mji hutambulika kwa kelele zake, lakini kwa kuwa kelele zilipigwa marufuku ilibidi mshenga anitambulishe.

Labadi, mji wa ufukwe, alinisalimu kwa kichwa na mchanga ukamwagika kutoka masikioni. Teshie, mji wa maseremala, alisimama kunionyesha zawadi aliyoileta. Ilikuwa kitunguu cha mbao, kikubwa, kimepakwa rangi vizuri, unaweza kulala ndani yake. Mafundi wa Teshie wanasifika kwa majeneza ya kila umbo, samaki, ndege, hata chupa ya soda. Nadhani uso wangu ulibadilika.

"Si jeneza, mama," Teshie akaninong'oneza haraka. "Ni kitanda."

"Kina kifuniko."

"Cha mbu."

Nikamshukuru, nikakisogeza nyuma ya mlango.

Tema, mji wa bandari, alikuja na mstari wa digrii sufuri, ule unaoigawa dunia mashariki na magharibi, kwa sababu unapita kwake na hakuwa na wa kumwachia nyumbani. Alikuwa ameuviringa kama kamba ya mbuzi. Akanivutia kiti, nikakaa, kumbe nimekalia mstari, upande mmoja wa makalio yangu uko mashariki na mwingine magharibi.

"Usijongee sana," akasema Tema. "Utavuruga saa za watu."

Mwisho kabisa alikuwa Ada, mji wa wachota chumvi, ulio mbali kule mto Volta unakomalizikia. Alikuwa amekaa mbali kiasi kwamba nilimwona mdogo kama punje ya hindi. Niliuliza kwa nini asisogeze kiti. Nikaambiwa kiti amesogeza, ila amekuja na umbali wake.

Juu ya paa alikuwapo mtu mmoja tu wa kawaida, mjomba wake Ashitey, ameshika kibuyu cha maji kwa mikono miwili akisubiri kuyarusha. Na Tuse wangu alikuwa amelala chumba cha ndani, hakuruhusiwa kuamka kwa sababu mlango wake unalia.

Katikati ya ua, kwenye kiti kizuri kuliko vyote, amekaa mtoto.

Alikuwa na ukubwa wake uleule wa siku nane. Paji la uso la Tuse. Masikio ya marehemu mama yangu, yale makubwa ya kusikiliza mambo ya watu. Amevishwa kanga kubwa kupita kimo chake na viatu vya kamba, na mapajani ana begi dogo la ngozi alilolishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mama. Habari za safari?"

"Nzuri, nashukuru. Mmekuwa wema sana."

Nilimpenda hapohapo mpaka kifua kikaniuma. Mshenga akaniinamia sikioni. "Sema naye. Wewe ni bibi. Sisi tumeshajaribu kila—"

Sasa mimi nimelelewa vizuri. Mgeni akija kwangu hajui hata jiko langu liko upande gani. Nikajikaza, nikaingia kazini.

Nikamletea maji ya kunawa, yenye uvuguvugu. Akanawa, akasema, "Asante bibi, msijisumbue." Kisha akainama akakaza kamba ya kiatu cha kulia.

Nikamletea ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Akasema, "Asante bibi, nimeshiba kabisa." Akakaza kamba ya kiatu cha kushoto.

Nikamchinja yule jogoo aliyebana mdomo. Hakupiga kelele hata wakati ule, nikamheshimu. Nikampa mtoto firigisi, ambayo kwangu mume wangu hamruhusu mtu hata kuitazama. Akaigusa kwa ncha ya ulimi, akasema ni tamu, akafunga zipu ya begi.

Sikuelewa nilipokosea, kwa hiyo nikaongeza bidii, na miji nayo ikaniunga mkono. Labadi akamtandazia mchanga laini miguuni. Tema akampa ncha ya mstari aishike. Teshie akaenda nyuma ya mlango, akakifungua kitunguu na kukifunga, mtoto aone bawaba zisivyopiga kelele. Mtoto alishukuru kila mmoja kwa jina. Lakini kadiri tulivyomkirimu ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayeangalia njia.

"Mmenipokea vizuri," akasema. "Nitawasimulia wenzangu."

"Wenzako wa wapi?"

"Wa kule."

Nilikuwa sitaki kuuliza, nikauliza. "Dada yako yuko huko?"

"Yupo."

"Anasemaje kuhusu sisi?"

Alifikiri, kwa adabu, kama anatafuta maneno yasiyotuumiza. "Anasema ninyi ni watu wazuri mno. Anasema mlikuwa mnatembea kwa ncha za vidole. Milango mliifungua polepole. Kila aliyembeba alimbeba kama kitu cha kuazima. Anasema nyumba ilikuwa na heshima nyingi mpaka akaona haya kuendelea kukaa."

Niliumia. Ni kweli watu walinyata, mtoto alikuwa anaumwa na kila mtu aliogopa hata kupiga chafya. Nililia palepale kitini, upande wa mashariki na upande wa magharibi, bila sauti kwa sababu ya ule mwezi. Machozi yalikuwa yanashuka taratibu yakipisha mengine.

Mbingu juu ya turubai ikaanza kuwa nyeupe. Mtoto akatelemka kitini.

"Basi, bibi, naomba ruhusa."

Na hapa ndipo pabaya. Mgeni akiomba ruhusa anasindikizwa. Sikulifikiria hilo, mwili wangu ndio uliolijua. Nikajikuta nimesimama, nimeshika kapu, nimeshaweka ndizi za kumfungashia. Miji yote ikasimama. Ada naye alisimama kule kwake, nikaona punje imesogea. Tukaanza kumsindikiza mjukuu wangu kuelekea getini, wote kwa ncha za vidole, na mimi ndiye niliyekuwa mbele nikimfungulia njia.

Geti likafunguliwa. Nje palikuwa na tope, tope jekundu la kwetu Tukuyu. Mtoto akatoka mbele akiwa na begi mkono mmoja, na ile kanga kubwa ikawa inaburuzwa nyuma yake, pindo lote kwenye tope.

Sauti ikanitoka. Haikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa ile ya kuitia watoto waliovuka bonde la pili.

"Wee! Pandisha hiyo kanga! Unaiburuza kwenye matope, nani atafua?"

Mawimbi yakashtuka, yakavua soksi. Mbuzi wakalia. Ndani, mlango wa Tuse ukalia nao. Labadi akaziba masikio na mchanga ukajaa viganjani. Kichwa cha mshenga kikasimama palepale kilipokuwa, kimenielekea mimi, na kwa mara ya kwanza akamaliza sentensi.

"Mama mkwe, umevunja kimya cha pwani nzima."

Sikumsikiliza, nilikuwa namtazama mtoto. Alikuwa amegeuka. Mdomo ulikuwa wazi kidogo.

"Unasema na mimi?" akauliza.

"Nasema na nani mwingine? Kuna mwingine hapa anaburuza kanga?"

Akaweka begi chini, akaikusanya kanga. Akaikumbatia vibaya, nusu bado iko chini, lakini alijaribu.

"Hakuna aliyewahi kunigombeza," akasema.

"Ndiyo umeshagombezwa."

Alinitazama, na nikaona kitu usoni mwake ambacho siku zote za ugeni hakikuwepo. Alikuwa amenuna. Midomo ilimtoka mbele kama ya mama yake alipokuwa mdogo na hataki kuosha vyombo. Moyo ukanilipuka kwa furaha, na papo hapo nikaliona kosa letu. Sisi wenyewe ndio tunaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku zote hizo tulikuwa tunampa sahani.

Nikaweka kapu chini, nikashika kiuno.

"Na hilo begi, mbona umelisimamisha katikati ya njia? Watu wajikwae? Lete hapa. Halafu usinivimbishie mdomo, mchuzi wangu hauna chumvi. Nenda kwa jirani, mwambie bibi anaomba chumvi kidogo."

"Kwa jirani yupi?"

"Huna macho? Kwa Ada, yule pale."

Miji ikavuta pumzi. Mshenga akasema, "Mama mkwe, mgeni hatumwi."

"Ndiyo maana namtuma," nikamjibu.

Mtoto aliangalia kule kwenye punje. Akaniangalia mimi. "Mbali," akasema, kwa ile sauti ya kuburuza ambayo kila mtoto anayo, na ambayo kila mama anaichukia, na ambayo mimi kwa wakati ule ningeweza kuilia.

"Mbali nini! Wenzako wanakwenda wanarudi. Na usikae kucheza mtoni. Nimetema mate hapa, unaona? Yasikauke hujarudi."

Nikatema mate chini, kama mama yangu alivyonitemea mimi, na mimi nikamtemea Tuse. Mtoto aliinama akayatazama ayahakikishe. Kisha akanitupia begi kifuani, wala hakunipa kwa adabu, alinitupia, akashika kanga kwa meno na kukimbia. Viatu vya kamba vikawa vinapiga pa, pa, pa, barabara yote ya mashariki.

Kisha hakukuwa na kitu.

"Umemfukuza," akasema Teshie.

"Nimemtuma."

"Wale wanaotumwa na wale wanaofukuzwa wanapita geti lilelile," akasema Tema, na siwezi kusema alikosea.

Nikaliweka begi chini nikalikalia, asije mtu akampelekea. Lilikuwa jepesi mno. Halikuwa na kitu ndani, na hilo ndilo lililoniingiza baridi, kwa sababu mtu mwenye begi tupu anaweza kuliacha popote bila kujuta.

"Mshenga," nikasema, "wewe una taa. Angalia."

Mnara akageuza kichwa kuelekea mashariki, mwanga wake ukatambaa juu ya barabara ya pwani. "Naiona miji ya njiani. Naiona Nungua," akasema. "Naiona Prampram. Naiona Ningo, watu wanafungua maduka. Simwoni."

"Endelea."

"Namwona Ada, anatafuta kitu kwenye magunia. Mtoto simwoni."

Juu ya paa, mjomba aliye na kibuyu akasema hawezi tena, mikono imekufa ganzi. Nikamwambia amwage aone. Turubai lilikuwa limeshaingia rangi ya chungwa upande mmoja. Nikatazama mate yangu. Yalikuwa yameanza kukauka pembeni, yamebaki katikati, kiasi cha dengu. Niliwaza kutema tena juu yake, nani angejua? Nikainua macho, nikakuta Teshie ananitazama. Nikameza.

Ukingo wa jua ukatokea juu ya maji.

Nilitaka kumwita. Nikasimama, nikajaza kifua, na nikakuta sina jina la kumwita kwa mara ya pili katika maisha yangu. Uchungu ulinipanda kutoka miguuni. Basi nikamwita kama watoto wote wanavyoitwa, wale ambao hakuna haja ya kuwataja kwa sababu wanajua ni wao.

"Wee mtotooo! Rudi nyumbani!"

"Unamwita nani?" mume wangu akasema.

Alikuwa amenishika bega. Nilikuwa jikoni, kwenye kigoda, kichwa ukutani, bakuli la uji mbele yangu na ile ngozi juu. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Akaniambia saa mbili imeshapita, nimepiga ukelele mpaka kuku wametawanyika, na je, naumwa?

"Simu imelia?"

"Haijalia."

Nikaikamata. Haikuwa imelia kweli. Alfajiri yao ilikuwa imefika na simu iko kimya, kama ilivyokuwa kimya mara ile ya kwanza hadi mchana, ambapo Ashitey alipiga akashindwa kusema. Mume wangu alikaa kando yangu. Yeye hana maneno mengi. Alichukua kijiko akaanza kuitoa ngozi ya uji taratibu, akaiweka pembeni ya bakuli, kisha akaushika mkono wangu.

Simu ilipolia niliiangusha. Yeye ndiye aliyeiokota.

Mwanzoni sikumsikia Tuse kwa sababu ya kelele zilizokuwa nyuma yake. Watu wanacheka, mtoto analia. Analia kwa hasira, kilio cha mtu mwenye nyumba.

"Mama, tumemaliza! Wamemtoa nje, maji wamerusha, yamemwingia hadi masikioni. Mama, amelia huyo! Na huu ndio ule mwezi wao wa kunyamaza, wazee wameshika vichwa huku wanacheka. Wamemwita Dede. Ni jina la binti wa kwanza. Nilidhani watamwita la pili, wakasema hapana, la kwanza lilikuwa bado linasubiri."

Mume wangu akasema, "Hongera, mwanangu," kwa niaba yetu wote.

"Mama, upo? Kuna kitu nataka nikuulize, usinicheke. Huyu mtoto tangu alfajiri amekunja ngumi ya kulia, hataki kuifungua hata kuoga. Sasa hivi walipomlaza chini akaifungua mwenyewe. Kulikuwa na vitu vyeupe ndani, vipunje vidogo. Mama yake Ashitey anasema labda ni sabuni ya unga. Mimi nimeweka ulimini." Akashusha sauti. "Mama, ni chumvi. Mtoto wa siku nane atapata wapi chumvi?"

Mvua iliendelea kupiga bati. Mume wangu aliniangalia, simu iko kati yetu.

"Kuna nini?" akaniuliza. "Anasemaje?"

"Amerudi," nikasema.

"Nani amerudi? Kwani alikwenda wapi?"

"Nilimtuma," nikamwambia, na nikalia kwa sauti kubwa mpaka jirani wa shamba la chai akaja mbio kwenye mvua kuuliza tumefiwa na nani.